Alma Anakungoja Gatini

Ketchikan, Alaska
3 Juni 1996

Marit,

Sisi wazima, na mvua nayo nzima. Ilitupokea gatini kabla ya mtu mwingine yeyote. Boksi lako tumelikuta posta, limezungushiwa utepe mwingi mpaka baba yako akauliza kama ndani umetia mfungwa. Ahsante kwa shayiri ya uji, siagi ya karanga na matufaha makavu. Kwa yale maharage ya unga sikushukuru. Niliyapika kule mlimani, akaja kunguru kuomba, akaonja, akaenda zake.

Huu mwaka wa tano tangu tuuze kila kitu tukaanza maisha haya ya kushuka feri, kutembea njia za msituni na kupanda feri nyingine, na bado watu wanatuuliza tutakwenda kukaa wapi. Baba yako huwajibu, "Tumeshakaa." Safari hii tulipiga hema sitahani kama kawaida, chini ya zile taa za joto, tukalibandika kwa utepe. Upepo ukanyanyua hema la kijana mmoja wa Ohio likaenda baharini na soksi zake zote. Basi baba yako, serahangi wetu mstaafu, akaruka akaanza kuwapanga abiria kama mabaharia wake: "Wewe kamata huku! Wewe kalia pale! Na wewe unacheka nini?" Utafikiri bado analipwa mshahara. Miaka thelathini ya kazi ya meli haimtoki mtu. Mimi niliyekuwa mpishi wa meli hiyohiyo nilibaki na kahawa yangu, maana jikoni kwangu hakujawahi kuruka kitu.

Baba yako anakula, anatembea, na msituni anaimba ili dubu wasishtuke. Sauti yake ni mbaya vilevile. Tukitoka hapa ni Wrangell, kisha Sitka, kisha kaskazini mpaka Skagway kabla ya baridi. Maboksi yaliyobaki yaandike kwa jina langu, si lake. Siku hizi hapendi foleni za posta.

Anakusalimu.

Noreen


Bellingham, Washington
12 Juni 1996

Noreen,

"Anakusalimu." Mwongo wewe. Salamu zake zimenifikia kwa posta, na hazikuwa zangu.

Nakufungia humu barua aliyoitia posta huko Ketchikan wakati wewe, nadhani, ulikuwa unakunywa kahawa. Anwani ni ya nyumba yangu. Jina ni la mama yangu. Mama yangu alikufa miaka tisa iliyopita, Noreen, katika chumba changu cha wageni, na baba ndiye aliyemfumba macho. Isome taratibu, hasa pale anapokutaja wewe.

Sasa nimeelewa kwa nini maboksi yaje kwa jina lako, na kwa nini tangu Krismasi kila nikipiga simu baba "ametoka kununua mkate". Mlikuwa mnakula mikate mingapi nyinyi? Unamburura mzee asiyejua kwamba mkewe amekufa, unampitisha kwenye misitu ya dubu, unamlaza juu ya mabati ya meli, kisha unaniandikia vichekesho vya kunguru. Mtu mzima ovyo.

Nimempatia nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa mjini, chumba kizuri kilimani, chenye dirisha la kuona bahari. Mpandishe feri ya kusini. Wewe baki na maharage yako. Wala usiniambie wewe ni mke. Kuozwa sitahani na nahodha huku wapishi wanagonga masufuria, bila kibali cha mahakama, si ndoa. Hiyo ni sherehe ya jikoni. Nimemuuliza wakili, akacheka. Mbele ya sheria wewe ni abiria mwenzake.

Marit Tveit


Ketchikan, Jumapili

Alma mpenzi,

Bado niko kazini. Zamu imekuwa ndefu safari hii na sijui kwa nini hawanipi likizo. Wewe bado uko kwa Marit kwa ajili ya matibabu? Hospitali wamesemaje? Mtoto anakutunza?

Nimepangwa na mpishi, mwanamke mnene kidogo, ana mdomo lakini ana roho nzuri, na uji wake hauna madonge. Tukipita kwenye njia za mbao hunishika mkono. Namwacha ashike, kwa sababu anaogopa kuanguka. Usione wivu. Akilala anakoroma kama winchi ya nanga.

Zamu ikiisha nakuja. Unipokee gatini kama zamani, uvae ile sweta ya bluu.

Wako,
Arvid


Wrangell
20 Juni 1996

Marit,

Nimeisoma. Nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyotaka, kwa hiyo furahi. Pale kwenye winchi nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya posta nikalia.

Haya, shika ukweli. Daktari alituambia mwezi wa kwanza kwamba ni ugonjwa wa kusahau na kwamba hautarudi nyuma. Siku hiyo baba yako alikuwa na akili zake zote. Tulipotoka nje alinishika kola palepale barabarani, theluji inaanguka, akasema, "Noreen, wasinifungie. Hata nikifika mahali sikujui, hata nikikutukana, usikubali wanifungie mlango." Nikamwahidi.

Unadhani sikujaribu kuta nne? Baridi iliyopita tulilinda nyumba ya watu Sitka, na wewe ulipokuwa unapiga simu yeye alikuwa anazunguka sebuleni, anakojoa nyuma ya jiko, anapiga mlango kwa ngumi mpaka damu inatoka. Tulipopanda feri ya kwanza ya mwaka alisimama ukingoni akanitajia kila taa ya mlango wa bahari kabla haijaonekana. Akiwa njiani, miguu yake inakumbuka. Jana kwenye njia ya kinamasi yeye ndiye aliyeniongoza mimi. Alitundika mfuko wa chakula juu ya mti dubu asiufikie, na asubuhi fundo lake nilishindwa kulifungua, akanicheka, akaniita mwanafunzi. Huyo ndiye unayetaka kumweka dirishani aangalie bahari kama mtoto aliyefungiwa nje ya duka la peremende?

Ndiyo, ananiita mpishi. Lakini kuna siku naamka ananiita Noreen, na kwa ajili ya siku hizo nimebeba mashanta mawili kwenye kila mlima wa pwani hii. Nampenda. Nakwambia wazi ili usitafute sababu nyingine.

Sijawahi kukuomba kitu, leo nakuomba. Niachie kiangazi hiki tu. Mwisho wa Septemba nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni kwako, na mimi nitalala kwenye ngazi ukitaka. Lakini usiniambie habari za uchungu wa mtoto. Miaka mitano hukupanda feri hata mara moja kuja kumwona. Ulikuwa unatuma siagi ya karanga, binti. Baba hapendwi kwa siagi ya karanga.

Noreen


Bellingham
27 Juni 1996

Noreen,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimetulia. Umenichoma, lakini umenichoma mahali panapostahili. Kiangazi ni chako. Sitagombana tena.

Boksi hili la Sitka nimelitia chokoleti, na soksi za sufu za baba. Chini kabisa kuna bahasha yake. Mpe mkononi bila kuifungua. Kuna mambo mtoto anataka kumwambia baba yake kabla baba hajasahau kwamba ana mtoto, na nisingependa yapitie jikoni kwanza. Mwache aisome peke yake.

Mtunze.

Marit


(Ndani ya bahasha)

Arvid wangu,

Nimepona. Hospitali wameniruhusu.

Zamu yako imekwisha. Nimezungumza na nahodha mwenyewe. Ukifika Sitka, panda meli ya Ijumaa inayoteremka kusini. Usikate tiketi, una pasi yako ya kazi shingoni. Shanta liache. Koti la mvua nalo lilaze kwenye mawe ya ufukweni, nimekushonea jingine. Usishuke bandari yoyote mpaka mwisho wa safari.

Mpishi usimwambie. Ni mwanamke mwema lakini atalia, na wewe mwanamke akilia hujui ufanye nini, hata kwangu hukujua.

Nitakuwa gatini nimevaa sweta ya bluu.

Alma wako


Sitka
9 Julai 1996

Marit, mwanangu (niruhusu leo tu, kesho nitaacha),

Ningekuwa karibu ningekupikia. Sijui ulimwandikia nini, wala sitauliza. Alikwenda na bahasha nyuma ya msonobari, akakaa huko kitambo, akarudi ameiweka kifuani ndani ya shati. Nikamwambia, "Barua ya nani hiyo, mchumba?" Akanijibu, "Mambo ya nyumbani." Akaomba wembe akanyoa ndevu. Alipomaliza akaniangalia vizuri akasema, "Noreen, una jani kwenye nywele." Noreen! Na mchana akaniita tena.

Tumepiga hema kwenye kambi ya nje ya mji, hatua chache kutoka gati la feri, kwa sababu anapenda kusikia honi. Kitu kimoja kipya: siku nzima anauliza leo ni siku gani. Kabla ya hapo siku hazikumshughulisha. Nimelichukulia kuwa dalili njema, pengine kichwa kinaamka.

Niliandika vibaya kuhusu siagi ya karanga. Nisamehe. Mungu akulipe kwa ulichomfanyia baba yako.

Noreen


Sitka
15 Julai 1996

Marit,

Nimepiga simu tangu Ijumaa. Inaita, haipokelewi. Natumaini uko safarini na mtu atakupa barua hii.

Baba yako amepotea. Nilikwenda kuchota maji, foleni ilikuwa ya watu watatu, niliporudi hayupo. Shanta lake lilikuwa hemani. Nikaimba wimbo wake wa dubu njia nzima ya pwani, asijibu. Kisha nikaona koti lake kwenye mawe, limekunjwa vizuri, maji yanakaribia.

Nilikimbia gatini. Kijana wa tiketi ni mgeni. Akasema hakuna mzee aliyekata tiketi. Nami sikuuliza zaidi, kwa sababu ya koti. Wamekuja na mbwa, wamekuja na mashua, wavuvi wameacha nyavu zao wanazunguka ghuba bure bila kuombwa. Jana mpiga mbizi alipanda juu akatikisa kichwa, nikamwambia arudi chini, akarudi, mtoto wa watu midomo imekuwa ya bluu.

Mimi ndiye niliyekuomba kiangazi. Ungekuwa umemchukua angekuwa hai. Nitukane, lakini pokea simu.

Noreen


Bellingham
20 Julai 1996

Noreen,

Mwambie mpiga mbizi akajikaushe. Baba yuko hapa. Alishuka Jumatatu, amenyoa, amevaa soksi zangu, mabaharia wote wanamwamkia kwa jina. Simu nilikuwa naisikia.

Yule mtoto wa siagi ya karanga alikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nawe ukageuka upakwe vizuri. Bahasha ilikuwa ya mama. Mwandiko wangu na wake huwezi kuutenganisha, alinifundisha mwenyewe mezani pa jikoni. Nawe ukampelekea mkononi, kama nilivyokuomba. Nakushukuru kwa utumishi.

Sasa amelala kule kilimani, kwenye kitanda chenye shuka. Usije. Anayeingia pale ni ndugu aliyeandikishwa, na mwandikishaji ni mimi. Hema ni lako, na milima yote ni yako.

Marit


Bellingham
11 Agosti 1996

Marit,

Naitia hii chini ya mlango wako kwa kuwa najua uko ndani, pazia limetikisika.

Nilikwenda. Dada wa mlangoni akaniuliza kwa upole, "Wewe ni nani wake?" Nikatafuta neno. Mke, akafungua kitabu, hakuna. Rafiki, haruhusiwi. Nikasema mimi ni mpishi wake. Akanihurumia, akaniruhusu nimwone kupitia kioo cha mlango wa korido. Mlango una kufuli ya namba.

Alikuwa amekaa mlangoni, kitasa mkononi. Nikagonga kioo. Akaniona, akanionyesha kitasa, akatikisa kichwa, kama mtu anayemwambia fundi kwamba kimeharibika. Nikakaa pale mpaka wakanitoa.

Nimepata kazi ya jikoni Haines, kambi ya wavuvi. Posta ya kule inanijua. Sijui kwa nini nakuachia anwani.

Noreen


Bellingham
20 Oktoba 1996

Noreen,

Nilianza barua hii mara nyingi nikiwa na maneno makali, yote nimechana.

Hali chakula. Amekuwa mifupa. Anakunywa uji tu, na akishaonja anauliza nani ameupika, kisha anausukuma kando. Ngumi zake wamezifunga bandeji kwa sababu ya mlango. Kila Ijumaa anasikia honi ya feri kutoka bandarini, na wanaume wawili inabidi wamshike. Daktari amesema akiendelea hivi hafiki masika.

Na kuna jambo jingine, sina mtu mwingine wa kumwambia. Siku ile gatini nilivaa sweta ya mama, ili ashuke kwa amani. Akanikumbatia, akaniita Alma. Nikasema nitamweleza kesho. Mpaka leo mimi ni Alma. Ananishika mkono, ananisimulia. Miaka arobaini na tatu nimeishi, baba hakuwahi kunishika mkono namna hiyo. Basi nikawa naenda kila jioni na sweta ile, na nikawa na furaha, Noreen, nacheka peke yangu ndani ya gari.

Wiki iliyopita nikamuuliza, "Na Marit? Tumwite Marit aje kukuona?" Akashtuka. Akasogeza kiti akaninong'oneza, "Usimwambie niko wapi. Mtoto yule ana roho ngumu. Akikipenda kitu anakitia chupani na kukaza kifuniko." Nikamwambia, "Baba, mimi ndiye Marit." Akapiga kelele mpaka akaingia chini ya kitanda. Niliporudi kesho yake na sweta, akanisimulia kwamba Marit alikuja kumdhuru.

Nimekuandikisha. Nimesaini karatasi za kumtoa pia, za kwenda popote upendapo. Mchukue. Nakupigia magoti, na unajua mimi si mtu wa kupiga magoti.

Marit


Haines
2 Novemba 1996

Marit,

Barua yako niliisomea jikoni, nikaunguza sufuria zima la chakula cha watu.

Nitakuja, lakini kwa masharti yangu. Mzee huyo hatoki pale alipo Alma. Ningemvuta kwa kamba asingetoka. Angekaa mlangoni akungoje umalize kufunga vifungo vya sweta. Wewe ulimwita Alma kutoka kaburini, wewe mrudishe. Mwandikie tena. Mwambie humtaki, umechoka, aende na mpishi, asikuandikie tena. Umkabidhi mwenyewe ukiwa umevaa sweta hiyo, ukae mbele yake mpaka amalize mstari wa mwisho. Kisha uondoke usikanyage tena pale. Si kama Alma, si kama Marit.

Dawa ya moto ni moto. Nitafika Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili, na jioni hiyohiyo tutaondoka na meli. Usije gatini.

Ungeweza kukataa. Ukikataa, endelea kushikwa mkono mpaka masika.

Noreen


(Bila anwani)
18 Novemba 1996

Arvid,

Sikungoji tena. Umenichosha na zamu zako. Ijumaa mpishi atakuja kukuchukua, nenda naye. Usiniandikie, usiniulizie, na ukiota juu yangu usinisimulie.

Alma


Petersburg, Alaska
14 Januari 1997

Marit,

Baba yako amefariki. Ilikuwa tarehe tisa Desemba, hapa Petersburg, mji wenu wa zamani, katika nyumba ya kupanga yenye mlango usiofungwa. Nimemzika kando ya mama yako, maana kaburi lilikuwa limeshanunuliwa na jina lake lilikuwa limeshachongwa. Wazee wa kanisa wakasoma maneno yao ya Kinorwe, nami nikasimama nyuma pamoja na jirani. Sikukupigia simu. Wewe unajua simu inavyoita isipopokelewa.

Nikueleze safari, usije ukadhani nilishinda. Alinifuata kama mzigo. Sitahani nilimpigia hema chini ya taa za joto. Akakaa nje ya hema. Taa za bahari zilipita moja moja, nikamwambia, "Hiyo ipi, serahangi?" Akaifumbia macho. Hakuniita Noreen, wala mpishi. Hakuniita kitu. Uji nilioupika mimi hakuugusa. Nilitaka barua ile imtoe kwa Alma, nayo ikamtoa kwa kila mtu. Ile dawa niliiandika mimi, wewe ulimnywesha tu. Nakuchukia, na nimechoka kukuchukia peke yako, sasa najiongeza na mimi.

Jana posta ya hapa wameniita. Kulikuwa na barua imekaa tangu mwezi wa kumi na moja, imeandikwa anwani ya ile nyumba yenu ya kijani nyuma ya kiwanda cha samaki, iliyobomolewa zamani. Bibi wa posta alisoma pamoja nawe shule, akalijua jina, akaitunza. Inaonekana baba yako alimpa mfanyakazi wa kule kilimani aitie posta siku moja baada ya ile yako.

Ni yako. Niliifungua, nikaisoma. Mtu mwema angeichoma. Nakutumia.

Noreen


Bellingham, Jumanne

Marit mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu sina mwingine. Mama yako amenifukuza. Sijui nimemkosea nini, alikuja mwenyewe akanipa karatasi, nikasoma, alikuwa analia na mimi nikashindwa la kufanya.

Ulipokuwa mdogo nilikuwa safarini daima, na nikirudi nilikuwa mkali. Nilikuwa nasema kwa watu una roho ngumu. Nadhani roho hiyo ni ya kwangu, wewe uliirithi tu, na hukupewa nafasi ya kuikataa. Nisamehe.

Kuna mwanamke atakuja Ijumaa kunichukua. Simjui, sitaki kwenda naye. Njoo wewe kabla ya Ijumaa. Hapa mlango wamefunga lakini wakikuona mtoto wangu watafungua. Nitakaa kwenye kiti nimevaa viatu.

Wanasema nasahau watu. Wewe njoo tu. Ukiingia nitakujua.

Baba